Mbele ya Darasa Zima

Chuoni, 9 Septemba 1981

Kwako Mjomba Heliodoro,

Shikamoo Mjomba. Mimi ni mzima, ila baridi ya bweni hili inanifanya nimkumbuke mama kila asubuhi. Mwambie blanketi limefika, na wasichana watatu tayari wameshalionea wivu. Mguu wake unaendeleaje? Na yule nguruwe, amezaa? Najua barua hii unamsomea kwa sauti, kwa hiyo: Mama, ninakula.

Mjomba, tuna somo jipya, nalo utalicheka. Linaitwa saikolojia, elimu ya akili na nafsi ya mtu. Anatufundisha Mwalimu Otilia Barragán, mama mfupi, mvutaji sigara, anayezungumza taratibu kama anayemwamsha mgonjwa. Siku ya kwanza aliingia na glasi mbili, moja fupi na nene, nyingine ndefu na nyembamba, na mtoto wa mpishi wetu, Chela, mwenye miaka mitano. Akayamimina maji ya ile fupi yote kwenye ile ndefu, mtoto akitazama, akamwuliza, "Sasa maji yamezidi, yamepungua, au ni yale yale?"

"Yamezidi!" akasema Chela. "Si unaona yamepanda juu?"

Darasa zima tulicheka. Mwalimu Otilia hakucheka. Alimshukuru mtoto, akangoja atoke, ndipo akatugeukia. "Huyu si mjinga. Ameona sawasawa kwa macho ya miaka mitano. Kazi yenu ya kwanza ni kujua mtoto anaona nini, kabla hamjamwambia kwamba hajaona. Kazi ya pili ni kufunga midomo yenu."

Nikakukumbuka. Wewe ndiwe mwalimu wa kwanza niliyemjua, na kama nitakuwa mwalimu ni kwa sababu yako. Enzi zenu mlifundishwa mambo haya?

Mpwa wako,
Herlinda


Tejamaniles, 27 Septemba 1981

Binti yangu Herlinda,

Marahaba. Nguruwe kazaa tisa, kamlalia mmoja. Mguu wa mama yako umepoa tangu alipoanza kuukanda kwa pombe ya miwa; pombe yenyewe ni yangu, ile ninayokatazwa kunywa. Sherehe ya uhuru ilikwenda vizuri, ila mvua ilitukuta watoto wakiimba, na bendera ikanasa kwenye kamba. Ikabidi mimi na tumbo langu tupande juu ya kiti kuinasua. Watu walinishangilia kuliko walivyoushangilia uhuru.

Sasa hiyo saikolojia. Nimemsomea mama yako habari za glasi, akasema huyo Chela angekuwa wake angempa anywe maji yote, yaishe maneno. Unauliza sisi tulifundishwa nini. Mimi nilipewa ufunguo wa darasa na chaki, nikaonyeshwa watoto wamejazana hadi dirishani, nikaambiwa "kazi njema." Mchelea mwana kulia hulia yeye: hiyo ndiyo saikolojia yangu yote, na imetoa watu. Imetoa mwuguzi, imetoa fundi mitambo, na imekutoa wewe.

Soma hayo mambo ufaulu mtihani. Ukipewa darasa lako utayasahau kabla ya kengele ya mapumziko.

Mjomba wako,
Heliodoro Zavala


Chuoni, 18 Oktoba 1981

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa bendera. Nilicheka hadi mwenzangu wa kitanda cha juu akataka kuisoma barua. Mama nisalimie, na usimfiche hiyo pombe, mguu ni wake.

Ubishi wako nimeuleta darasani kichwani mwangu. Juzi Mwalimu Otilia alitueleza habari za mbwa na kengele. Mbwa akiletewa nyama kila kengele inapolia, mwisho atadondokwa na mate kwa kengele tupu, nyama haipo. Kisha akauliza, "Na mtoto anayechapwa kila anapokosea hesabu, mwisho wake ataogopa nini?"

Benigno, yule mtoto wa mwoka mikate wa Las Joyas, kile kijiji jirani yetu, akajibu haraka, "Ataogopa fimbo!"

"Ataogopa hesabu," akasema Mwalimu.

Mjomba, neno hilo nililiandika daftarini. Anasema hofu ikiingia kichwani, kumbukumbu hufunga mlango kwa ndani. Mtoto anakijua kitu na hawezi kukifikia. Anasema aibu ni mbaya kuliko fimbo, maana fimbo ina mwisho.

Akaomba mifano ya mambo tuliyoyaona utotoni. Nami nilitoa mmoja. Sikutaja jina la mtu wala la kijiji, usiwe na wasiwasi.

Mpwa wako,
Herlinda


Tejamaniles, 8 Novemba 1981

Kwa Mwalimu mtarajiwa Herlinda Anguiano,

Salamu. Mama yako hajambo. Mahindi yamekauka, tunaanza kuvuna. Siku ya Marehemu kaburi la mke wangu tulilipamba kwa maua ya manjano kama kila mwaka, tukampelekea na chokoleti yake.

Benigno alikuja siku hiyo na mikate ya marehemu kutoka tanuri la baba yao. Nyumba ilikuwa imejaa watu. Ni kijana mwenye kumbukumbu nzuri sana. Alitusimulia jinsi unavyojua kuigiza: sauti ya mwalimu, tumbo la mwalimu, namna mwalimu anavyomvalisha mtoto masikio ya punda ya karatasi na kumzungusha kwenye madawati. Alisema darasa lilicheka hadi watu wakashika mbavu. Kama alijua anamzungumzia nani, sijui. Sikumwuliza. Wageni wote walijua.

Barua hii sikumsomea mama yako. Hakuna haja. Alikuwepo.

H. Zavala


Chuoni, 6 Desemba 1981

Mjomba wangu,

Shikamoo. Niruhusu nianze na salamu, kwa sababu nikianza na jingine sitamaliza. Mimi mzima. Mama natumai mzima. Mahindi natumai yameingia ghalani kabla ya umande.

Sikukusudia kukuaibisha. Nilitaka tu Mwalimu Otilia aone kwamba najua jambo. Nilianza kwa adabu, wakacheka, walipocheka nikaongeza. Kila walipocheka niliongeza. Mwalimu mwenyewe hakucheka, na nilipoona hivyo nilikuwa nimeshafika kwenye tumbo lako.

Sitakuja Krismasi. Tuna matayarisho ya mazoezi ya kufundisha. Mama mwambie hivyo, mwambie ni kazi nyingi.

Niandikie, Mjomba. Hata ukinitukana, niandikie.

Herlinda


Tejamaniles, 24 Januari 1982

Herlinda,

Salamu. Barua yako ilifika siku nyingi.

Krismasi ilipita. Mama yako alipika korunda, ile mikate ya mahindi ya kufungwa kwa majani, na kukuwekea zako tatu, kisha akazila mwenyewe kwa hasira. Baridi imeua kuku wawili. Paa lilikuwa linavuja, nimelibadilisha mbao. Jumanne na Jumatano nilishinda juu, kutwa nzima. Kutoka huko juu mtu anaiona barabara yote, na kila anayepita anakuona.

Shule ipo.

H. Zavala


Chuoni, 7 Machi 1982

Mjomba,

Shikamoo. Nimesikia mguu wa mama umevimba tena. Aliyeniambia ni Benigno, na nimeona haya kuletewa habari za mama yangu na mtu wa kijiji kingine. Mwambie nitakuja Wiki Takatifu, nije nimkande mwenyewe.

Uliandika kwamba ulishinda juu ya paa Jumanne na Jumatano. Mwezi wa Januari shule huwa zimefunguliwa siku hizo. Siulizi. Nasema tu kwamba nimeona.

Sasa nisikilize, na usimsomee mama kabla hujafika mwisho.

Mazoezi yalikuwa mwezi uliopita, shule ya mtaa wa viwanda vya mbao, darasa la pili. Mwenye darasa ni Mwalimu Fidencio, mtu wa kukunja mikono na kutabasamu. Wiki ya kwanza nilikuwa malaika. Nilipiga magoti kuzungumza na watoto, nilisifu kila mstari ulionyooka. Wiki ya pili walinizoea, wakaanza kurushiana vifutio, na Mwalimu Fidencio akawa ananiuliza kila mchana, "Vipi, vitabu vyako vinasemaje leo?"

Alhamisi akaja Mwalimu Otilia kunikagua, akakaa nyuma. Nikamwita ubaoni mtoto aitwaye Amparo: hamsini na mbili toa kumi na tisa. Alikuwa anaijua. Jana yake alizikokotoa zote kabla ya wenzake. Alisimama na chaki, nikangoja, hakuandika. Watoto wakaanza kunong'ona. Mwalimu Otilia ananitazama. Nikahisi anayetahiniwa ni mimi.

"Mwalimu, naomba kutoka," Amparo akasema, kwa sauti ndogo.

"Hutoki mpaka umalize."

Akaomba tena. Ndipo nikaisikia sauti yako ikitoka kinywani mwangu, Mjomba, neno kwa neno: "Punda ana masikio marefu, lakini kusikia hasikii!"

Darasa likaangua kicheko. Na mtoto akajikojolea pale pale, mbele ya wote, chaki mkononi.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniunguza. Mtu angeniamsha usingizini ningemweleza kilichokuwa kinatokea kichwani mwa Amparo, mlango ule unavyofungwa kwa ndani. Mtihani wa Desemba uliuliza swali hilo hilo na mimi ndiye niliyepata alama za juu.

Mwalimu Otilia aliinuka, akavua sweta yake, akamfunga mtoto kiunoni, akatoka naye. Hakunikaripia. Baadaye nilimfuata nikamwuliza, "Nifanye nini?" Akawasha sigara. "Hilo silifundishi," akasema.

Amparo hakurudi shuleni mpaka mazoezi yakaisha, na hata sasa hajarudi. Hapa chuoni nimewaambia wenzangu kwamba nilifundisha vizuri. Wewe nakuambia ukweli kwa sababu niliwachekesha watu kwa kukuigiza, na leo tofauti yangu na wewe ni moja tu: mimi nilikuwa nimefundishwa.

Herlinda


Tejamaniles, 21 Machi 1982

Binti yangu Herlinda,

Marahaba. Mguu umevimba kweli, ila mdomo wa mama yako haujavimba, kwa hiyo hatuna hofu. Barua yako nilimsomea yote. Akasema tu, "Mwambie aje nyumbani." Nimeshakwambia.

Uliona vizuri. Sifundishi tangu Januari.

Nitakueleza mara moja, halafu tusirudie. Baada ya ile siku ya marehemu, hadithi ya Benigno ilizunguka. Si kwamba watu hawakujua; wote wamepita mikononi mwangu. Lakini kujua ni jambo moja, na kusikia kwamba huko mjini linachekwa ni jambo jingine. Likizo ilipokwisha pakaitishwa mkutano wa wazazi. Nilidhani ni habari za vyoo. Akasimama Nicandro Huipe, fundi viti. Ndiye yule mtoto uliyemwigiza mbele ya wenzako, mwenye masikio ya karatasi. Binti yake Jacinta yuko darasa la kwanza.

"Mwalimu, sikuja kugombana," akasema. "Nina swali moja tu. Jacinta akikosea, utamvalisha?"

Nikajibu, "Akistahili."

Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga. Watu waliinuka mmoja mmoja, wakavaa kofia zao, wakatoka. Mama yako naye alitoka, Herlinda. Dada yangu. Kesho yake darasani walikuja watoto wanne. Wiki iliyofuata Idara ya Elimu wakaniandikia kwamba nimefanya kazi kubwa na sasa nipumzike, wakaleta kijana mwenye gitaa.

Nilikulaumu. Kila msumari niliopigilia kwenye paa lile niliupigilia kwa jina lako.

Kisha ikaja barua yako, na yale maneno ya punda. Si yangu. Mwalimu wangu aliniambia hivyo nikiwa mdogo kama huyo Amparo wako. Swali lilikuwa la nini, silikumbuki hata kidogo. Nakumbuka waliocheka, na nani alikaa wapi. Nimeyabeba maneno yale miaka yote nikidhani ni ualimu.

Usiniulize mtu anamwombaje mtoto radhi. Sijawahi. Nenda wewe kwanza, kisha uniandikie ilikuwaje.

Mjomba wako,
Heliodoro


Chuoni, 18 Aprili 1982

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa Wiki Takatifu, na asante kwa kutoniuliza kitu chochote mezani. Nilikuona unavyonitazama kila mama alipokwenda jikoni. Nilikuwa bado sijaenda, na sikuwa na uso wa kukuambia.

Sasa nimekwenda. Wanaishi nyuma ya kiwanda, chumba kimoja, na mama yake anakanda unga wa mahindi mlangoni. Nilipojitaja hakunikaribisha. Aliendelea kukanda.

"Kila asubuhi tumbo linamuuma," akasema. "Nimempeleka zahanati, wanasema tumbo halina kitu. Wewe ndiwe mwenye tumbo hilo?"

"Ni mimi," nikasema.

Amparo alikuwa nyuma ya pazia, naona miguu yake. Nikachuchumaa nikazungumza na pazia. Nilisema nilimkosea, kwamba hesabu alikuwa anaijua na mimi nilijua kwamba anaijua, kwamba mwenye kosa ni mimi. Nilikuwa nimeyakariri maneno njia nzima, na yote yakatoka vibaya. Kisha pazia likasogea kidogo.

"Na wenzangu umewaambia?"

Nikasema bado.

"Basi," akasema, na pazia likarudi.

Mjomba, nilidhani kwenda pale ndiyo kazi yenyewe. Njia nzima ya kurudi nilitafuta sababu ya kuishia hapo. Asubuhi nikaenda kwa Mwalimu Fidencio kuomba dakika chache na darasa lake. Tabasamu likamtoka. "Binti, ukiwapigia watoto magoti leo, kesho watakupanda kichwani. Na mimi ndiye nitakayebaki nao." Nikamwambia anaweza kunikatalia. Akafikiri. "Ingia," akasema. "Nitasimama nje, nisione."

Nikasimama ubaoni, pale pale alipokuwa amesimama Amparo. Nikawaambia: Amparo aliomba kutoka, mimi nikamkatalia, kilichotokea nilikisababisha mimi, na mlipocheka mlicheka kwa sababu mimi niliwafungulia mlango. Kuna mtoto mmoja alicheka tena, kwa woga nadhani. Mwingine akauliza, "Kwa hiyo wewe ndiye punda?" Uso uliwaka moto. Nikasema, "Siku ile, ndiyo." Hakuna aliyecheka hapo. Msichana wa mstari wa mbele, jirani yao, akasema atampelekea Amparo habari.

Juzi nilipita tena. Amerudi. Amekaa nyuma kabisa, dawati la karibu na mlango, na nilipochungulia dirishani akaangalia kwingine. Mwalimu Fidencio anasema anatoka bila kuomba ruhusa, na yeye anamwacha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mzigo wa kifuani haujapungua. Ila nalala.

Herlinda


Tejamaniles, 16 Mei 1982

Binti yangu,

Marahaba, na salamu za mama yako. Anatembea hadi sokoni sasa, na anarudi na maneno mengi kuliko mboga. Mvua za kwanza zimenyesha, paa halivuji. Yule kijana mwenye gitaa amewafundisha watoto kuimba majedwali ya kuzidisha. Yananifikia hadi uani. Nimemvizia akosee, bado hajakosea.

Barua yako sikumsomea mama yako mara moja. Niliisoma peke yangu, nikaishia kila mara kwenye lile swali la mtoto nyuma ya pazia.

Jana ilikuwa Siku ya Walimu. Unakumbuka ilivyokuwa hapa kwetu: kuku, maua, sabuni za kuogea, mstari hadi barabarani. Nilinyoa ndevu, nikavaa suti ile ya harusi, nikakaa mlangoni. Hakuja mtu. Kufika saa tano mama yako akanitazama, akasema, "Heliodoro, kama hutembelewi, nenda ukatembelee."

Nikaenda kwa Nicandro. Ningeweza kwenda Jumatatu, siku asiyokuwa na wateja. Njiani nilifikiri sana habari za Jumatatu. Lakini jana ilikuwa Jumamosi, karakana imejaa: mkewe, Jacinta anachezea mabaki ya mbao, wanunuzi wa viti, na wanaume watatu waliosoma darasa moja na Nicandro, niliowafundisha wote. Nilipoingia wakasimama, wote, kama walivyozoeshwa. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi ya yote.

"Kaeni," nikasema, na sauti ilikuwa ile ile ya darasani, wakakaa.

Nikavua kofia. Hotuba niliyoitunga ilipotea yote. Mlango umefungwa kwa ndani, kama anavyosema mwalimu wako. Nikasema, "Nicandro, nilikukosea. Mbele ya hawa hawa. Hukuwa mjinga. Nilikuwa nimechoka, na wenzako walipokwisha kucheka darasa lilinyamaza kwa kuniogopa, nami nikakipenda kile kimya."

Aliendelea kupiga msasa mguu wa kiti. Msasa wenyewe ulikuwa unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi. Jacinta akamwangalia baba yake, akaniangalia mimi.

"Ni kweli," Nicandro akasema.

Basi. Hakusema yamepita. Hakusema usijali, Mwalimu. Mtu mmoja alikohoa, mnunuzi akauliza bei ya kiti, shughuli ikaendelea. Nilitafuta pa kuweka mikono yangu. Palikuwa na kigoda karibu na mlango, nikakikalia, na nikakaa pale hadi alipofunga karakana, kwa sababu hakuniambia niondoke.

Mjomba wako,
Heliodoro